Kasoro za Dakika Tatu za Kwanza: Utatuzi wa Matatizo katika Usaili na Mawasilisho

Mtu akiharibikiwa mwanzoni mwa usaili, ushauri anaopewa na jamaa zake karibu wote huwa ni neno moja: jiamini. Ni sawa na kumwambia mgonjwa wa malaria apone. Kutetemeka sauti, kukatizwa na mwenyekiti, kuona wasaili wakisoma karatasi huku unajieleza, zote hizo ni dalili, na kila dalili ina chanzo chake, ambacho mara nyingi hakimo moyoni mwa msailiwa bali kimo kwenye bahasha aliyobeba, kwenye sentensi aliyoanza nayo, au kwenye waya uliokataa kuingia kwenye projekta. Nimekuwa msailiwa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na baadaye nimekuwa katibu wa majopo, kazi inayompa mtu nafasi nzuri ya kutazama kwa sababu yeye haulizi, anaandika tu. Maelezo yafuatayo yamepangwa kwa dalili. Anza na ile iliyokupata.

Kwamba watu huamua mapema si uzushi. Mwaka 1993 wanasaikolojia Nalini Ambady na Robert Rosenthal wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha utafiti ambao watu wasiowafahamu kabisa walimu fulani walionyeshwa vipande vya video visivyo na sauti, jumla ya sekunde 30 kwa kila mwalimu, kisha wakawapa alama. Alama hizo zilishabihiana sana na zile zilizotolewa na wanafunzi waliofundishwa na walimu haohao muhula mzima. Mwaka 2006 Janine Willis na Alexander Todorov wa Princeton wakaonyesha kwamba sehemu moja ya kumi ya sekunde inamtosha mtu kuukadiria uso asioujua, na kwamba akiongezewa muda kinachoongezeka zaidi ni uhakika wake kuliko usahihi wa alichokiona. Hata hivyo usije ukameza ile hesabu inayopenda kutajwa kwenye semina, kwamba maneno yana uzito wa asilimia 7, sauti 38 na mwili 55. Majaribio ya Albert Mehrabian ya mwaka 1967 yalihusu neno mojamoja lililotamkwa kwa sauti na sura zilizopingana, ili kujua msikilizaji atadhani msemaji anampenda au hampendi. Hayakuhusu usaili wala hotuba, na msailiwa asiye na jibu hajawahi kuokolewa na tai.

Dalili: umefika kwa wakati, lakini umeanza ukiwa umevurugika

Chanzo cha kwanza cha kukagua ni nyaraka. Katika usaili wa utumishi wa umma nchini Tanzania, unaosimamiwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, tangazo la kuitwa kwenye usaili hurudia masharti ambayo watu huyaruka kwa haraka ya kutafuta majina yao kwenye orodha: vyeti vinavyotakiwa ni halisi, kuanzia cheti cha kuzaliwa hadi cha taaluma, hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi badala ya vyeti, kitambulisho kinachotambulika ni lazima, mwenye majina yanayotofautiana kwenye nyaraka zake anatakiwa kuwa na hati ya kubadilisha jina, na aliyesoma nje ya nchi awe amehakikiwa vyeti vyake na mamlaka husika. Anayegundua kasoro akiwa kwenye foleni ya uhakiki huingia chumbani, ikiwa atafanikiwa kuingia, akiwa tayari ameshabishana na mtu.

Lakini hata nyaraka kamili zinaweza kukuangusha. Namkumbuka kijana mmoja aliyekuja na kila kitu, vyeti vyote vikiwa ndani ya bahasha moja ya kaki iliyokunjwa katikati. Mwenyekiti alipomwomba cheti cha kidato cha nne, alianza kupekua akiwa ameiweka bahasha magotini; cheti cha kuzaliwa kikateleza hadi chini ya meza, akainama kukifuata, na wakati anainuka akagonga meza kwa kichwa, glasi ya maji ikacheza. Swali lililofuata lilikuwa jepesi kuliko yote, ajitambulishe, naye akalijibu kwa pumzi za mtu aliyetoka kufukuzwa na mbwa. Nilipokusanya karatasi za wasaili baadaye, wawili walikuwa wameandika pembeni neno lilelile: hajajipanga. Nina hakika alikuwa amejipanga kuliko wengi, kwani vyeti vyake vilikuwa kamili hadi kile cha mafunzo ya wiki mbili.

Tiba yake ni ya bei ndogo. Nunua faili lenye mifuko ya plastiki, weka cheti kimoja kwa kila mfuko kwa mpangilio uleule wa tangazo, kisha fanya mazoezi nyumbani ya kutoa chochote utakachotajiwa bila kulikodolea macho faili. Ukikaa, faili liwe juu ya meza upande wa mkono unaoandikia, si magotini wala chini ya kiti. Simu izimwe kabisa, kwa sababu simu inayotetemeka ndani ya begi husikika chumba kizima kikiwa kimya.

Dalili: sauti inatetemeka, kinywa kimekauka

Kabla ya kulaumu woga, jiulize umezungumza na nani tangu asubuhi. Wasailiwa wengi hutoka nyumbani alfajiri, hukaa kimya ndani ya daladala, hukaa kimya tena kwenye benchi kwa saa mbili au tatu wakirudiarudia majibu kichwani, na sauti yao ya kwanza ya siku hiyo huisikia mbele ya jopo. Sauti hiyo lazima ikwaruze. Zungumza na mlinzi, zungumza na msailiwa mwenzako, jambo lolote lisilohusu usaili, kwa sauti ya kawaida na si ya kunong'ona. Chanzo kingine ni tumbo tupu: kikombe cha kahawa bila kitafunwa huweza kuifanya mikono itetemeke, na mwenye mikono hiyo akaamini kwamba ni hofu. Kula, hata kama ni andazi moja.

Woga wenyewe nao upo, na hapo kuna habari njema. Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, waliwaeleza baadhi ya wazungumzaji kabla ya kupanda jukwaani kwamba wasiwasi wao hauonekani kwa wasikilizaji kama wao wenyewe wanavyodhani. Waliopewa maelezo hayo walizungumza vizuri zaidi kuliko wasiopewa. Nami nathibitisha kutoka kwenye kiti cha katibu: mapigo ya moyo hatuyasikii. Tunachokiona ni pumzi fupi, na pumzi hurekebishwa kwa kutoa hewa taratibu, muda mrefu kuliko ulioutumia kuivuta, mara tatu au nne kabla jina lako halijaitwa. Sentensi ya kwanza peke yake ikariri neno kwa neno. Zinazofuata usizikariri, maana aliyekariri ukurasa mzima akikatizwa hajui pa kurudia.

Dalili: unajieleza, nao wanasoma karatasi

Hii ndiyo dalili iliyoenea kuliko zote na ndiyo inayotafsiriwa vibaya kuliko zote. Msailiwa hudhani wasaili wamemdharau. Ukweli ni kwamba wanafuatilia kwenye wasifu wake yale yale anayoyasema, kwa kuwa anausoma kwa mdomo: amezaliwa mwaka fulani, wilaya fulani, akasoma shule ya msingi fulani, akajiunga na sekondari fulani, na kadhalika mpaka leo. Ikifika shule ya sekondari, macho yote yamekwisha teremka. Nimeshuhudia mwenyekiti akimtangulia msailiwa kwa mstari mmoja, akimsubiri pale kwenye mwaka wa kuhitimu.

Chanzo ni kulielewa vibaya swali. Jopo likisema "tueleze kwa ufupi kuhusu wewe", halina njaa ya historia. Linatafuta pa kuanzia kukuuliza. Jibu lako la kwanza ndilo linalochagua swali la pili, na hapo ndipo nguvu yote ya dakika ya kwanza ilipo. Ukimaliza kwa kusema wewe ni mchapakazi unayeweza kufanya kazi kwenye mazingira magumu, umelipa jopo kitu kisichoulizika, nalo litafungua karatasi yake na kukuuliza lililopo, pengine lile usilolijua.

Linganisha na ofisa ugavi aliyeanza hivi: "Naitwa fulani, nina shahada ya ununuzi na ugavi. Kwa miaka mitatu nimesimamia stoo ya dawa ya hospitali ya wilaya, na kazi iliyonichosha zaidi ilikuwa kuzuia dawa zisimalize muda wake zikiwa rafuni. Nafasi hii nimeiomba kwa sababu bohari yenu inahudumia vituo vingi kwa wakati mmoja, na tatizo hilo huko ni kubwa zaidi." Sekunde 30 hazijaisha. Wasaili watatu waliinua vichwa kwa pamoja, na swali lililofuata halikuwa na haja ya kutabiriwa: alizuiaje? Alikuwa na jibu, bila shaka, kwa kuwa yeye ndiye aliyewaandalia swali. Muundo wake ni mwepesi kuiga: wewe ni nani kitaaluma, jambo moja ulilolifanya kwa mikono yako likiwa na sura ya tatizo, na kiungo kati ya jambo hilo na kazi unayoiomba. Dakika moja inatosha. Moja na nusu ni mwisho.

Aliyemaliza chuo juzi hulalamika kwamba hana la kusema. Analo. Mafunzo kwa vitendo ya wiki nane, utafiti wa mwaka wa mwisho, duka la mama yake alilolifanyia hesabu wakati wa likizo, vyote hivyo vina tatizo ndani yake na namna lilivyotatuliwa. Asichonacho ni ruhusa ya kukuza mambo, kwa sababu swali la pili litachimba palepale alipopataja.

Dalili: wasilisho halijaanza, na wasikilizaji wamekwisha kuchoka

Tukiacha usaili tukaja kwenye mawasilisho, kasoro kubwa ya mwanzo katika kumbi zetu ina jina, nayo ni itifaki. Mwasilishaji amepewa dakika 15. Anamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutuamsha salama, anamtaja mgeni rasmi kwa cheo kirefu, mwenyekiti, katibu, wajumbe wa meza kuu mmojammoja, viongozi wa dini, viongozi wa kimila, wageni waalikwa, kisha anahitimisha kwa kusema itifaki imezingatiwa, kauli ambayo iliundwa makusudi ili orodha hiyo yote isisomwe. Dakika nne zimekwisha, na katika dakika hizo hakuna aliyemsikiliza isipokuwa anayesubiri kutajwa.

Sisemi itifaki iachwe. Anayeipuuza kabisa huharibu sura yake mbele ya wazee kuliko anayeirefusha, na ataambiwa hana adabu hata kama takwimu zake ni safi. Tiba ni kuulizia kabla. Mtafute mshereheshaji, umuulize ni nani ambaye ni lazima atajwe na kwa cheo gani, utaje huyo mmoja, uwajumuishe waliobaki, na kwenye sentensi ya tatu uwe umeingia kwenye jambo lenyewe. "Mheshimiwa mwenyekiti, ndugu wajumbe, habari za asubuhi. Kata yetu ina visima 11, na jana asubuhi vilivyokuwa vikitoa maji ni vinne." Hapo hata aliyekuwa akichezea simu ataacha. Jina lako, idara yako na dondoo za wasilisho vinaweza kusubiri hadi baada ya visima.

Dalili: umesimama mbele, kioo cheupe, watu wanasubiri

Projekta nyingi za ofisini bado zinatumia tundu la zamani la VGA, na kompyuta mpakato nyingi mpya zina HDMI pekee au hata hiyo hazina. Beba adapta yako. Hifadhi wasilisho kwenye flashi kwa namna mbili, faili lake la kawaida na PDF, kwa kuwa PDF haibadilishi herufi ikifunguliwa kwenye kompyuta ya watu. Chapisha nakala moja yako mwenyewe, maana umeme haukupi taarifa. Haya yanajulikana; lisilojulikana sana ni kwamba wasikilizaji hawakuhukumu kwa mtambo kugoma, wanakuhukumu kwa unavyouinamia. Mpe fundi wa ukumbi waya, wageukie watu, anza kwa mdomo. Kama huwezi kuanza bila slaidi ya kwanza, slaidi hiyo imebeba maneno yaliyopaswa kuwa kichwani mwako.

Dalili: wamekuona una kiburi, au kwamba kuna jambo unaficha

Wengi wetu tumelelewa kutomkazia macho mkubwa. Ukiinamisha macho mbele ya baba mdogo, hiyo ni heshima. Ukiyainamisha mbele ya jopo, msaili ataandika kwamba hujiamini au kwamba cheti kina walakini. Huhitaji kumkodolea mtu macho. Mtazame aliyeuliza wakati anauliza na wakati unaanza kujibu, wazungushie macho wengine katikati ya jibu, kisha umalizie kwa yule aliyeuliza.

Kuhusu salamu, vijana huniuliza kama inafaa kuliamkia jopo. Nchini Tanzania "shikamooni" inayotolewa na kijana kwa jopo la watu wazima haijamwangusha mtu ninayemjua, lakini kwenye ofisi za mashirika ya kimataifa, ambako pengine msaili mmoja ni mdogo kuliko wewe, "habari za asubuhi" inawatosha wote. Mkono usiutangulize, usubiri wa mwenyeji, hasa ikiwa wewe ni mwanamume na msaili ni mwanamke ambaye huenda hapeani mikono kwa sababu za dini. Kaa unapokaribishwa kukaa.

Mavazi yana kanuni moja tu inayofaa kuandikwa: yasikupe kazi. Kiatu kinachobana, shati linalotoka kwenye suruali, mtandio unaoteleza, hivyo hukufanya ujishughulishe navyo mbele ya watu. Zaidi ya hapo, kinachovunja heshima si vazi lisilo la kawaida bali kuyumba unapoulizwa kulihusu. Mwaka 2011 Willy Mutunga alipofanyiwa mahojiano ya nafasi ya Jaji Mkuu wa Kenya, mojawapo ya mambo aliyoulizwa ni hereni aliyoivaa sikioni. Alijieleza bila kuomba radhi, akasisitiza kwamba hangeivua kwa ajili ya cheo, na akateuliwa. Sikushauri uende na hereni kwenye usaili wa uhasibu. Nakushauri usivae kitu usichoweza kukitolea maelezo ya sentensi moja.

Dalili: swali umelielewa, jibu halitoki

Chunguza lugha. Msailiwa hujiandaa kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha anayofikiria, kisha jopo linaanza kwa Kiingereza. Au hukariri kwa Kiingereza, mwenyekiti akafungua kwa Kiswahili ili kumtuliza, naye ndiyo kwanza akakosa maneno. Andaa utambulisho wako kwa lugha zote mbili, mdomoni na si kwenye karatasi, na anza kujibu kwa lugha uliyoulizwa. Istilahi ikikukwama, ielezee kazi yake na uendelee. Kuomba swali lirudiwe si aibu, mara moja. Mara ya tatu ni tatizo jingine.

Kwa usaili wa mtandaoni nina machache. Dirisha liwe mbele yako, lisiwe nyuma, usije ukaonekana kivuli. Inua kamera hadi usawa wa macho, hata kwa kuweka kompyuta juu ya vitabu, na sentensi ya kwanza iseme ukiitazama kamera badala ya sura za watu. Bando liwepo la akiba kwenye simu. Jogoo wa jirani atawika. Mcheke kidogo, endelea.

Dalili: umeshaharibu, na bado umekaa kitini

Mwaka 1946 Solomon Asch aliwasomea watu sifa za mtu mmoja, kundi moja likianza na nzuri, kwamba ana akili na bidii, na kumalizia na ukaidi na wivu, kundi jingine likasomewa orodha ileile kinyumenyume. Waliosikia nzuri kwanza walimpenda zaidi. Kwa hiyo mwanzo una uzito, lakini katika usaili wa mahojiano kuna jambo linalokusaidia: kwa kawaida kila msaili hujaza alama zake kwa kila swali, na swali la nne lina safu yake isiyojua yaliyotokea kwenye la kwanza.

Kosa linalomaliza watu ni kuomba radhi mara tatu, kwa sababu kila radhi hulikumbusha jopo kosa. Rekebisha mara moja, kwa sauti ileile uliyokuwa ukiitumia. Mimi mwenyewe, katika usaili mmoja, niliitaja taasisi iliyoniita kwa jina la taasisi nyingine niliyokuwa nimefanyiwa usaili wiki iliyotangulia. Nyuso ziliganda. Nikasema, "Nimekosea jina, na nastahili kuulizwa kama ninaifahamu taasisi hii." Mwenyekiti akaniuliza hilohilo, nami nilikuwa nimelisoma, nikajibu kwa dakika mbili. Kazi niliipata, ingawa mtani mmoja ofisini aliendelea kuniita kwa jina la taasisi ile nyingine mpaka nilipohama.

Na kama nafasi ya kurekebisha haikujitokeza kabisa, ipo moja ambayo hutolewa kwa karibu kila msailiwa na hutupwa na karibu kila mmoja, pale mwenyekiti anapofunga faili na kuuliza kama una swali. Usiseme huna. Sema: "Kabla ya swali langu, naomba nusu dakika nilijibu upya lile swali la kwanza," kisha ulijibu kwa sentensi tatu, uulize swali lako, ukusanye faili lako na utoke.